Kaseja: Kutoka kupangua penalti hadi kupanga kikosi

Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulifurika nyekundu na nyeupe. Simba walikuwa wameshautwaa ubingwa wa Ligi Kuu, hawajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima, na Rais John Magufuli alikuwa amefika kuwakabidhi kombe. Kagera Sugar walionekana wamekuja kukamilisha ratiba tu. Dakika ya 85 Edward Christopher akawafungia Wanankurukumbi hao bao. Simba nao wakapata penalti dakika za lala salama, na Emmanuel Okwi, aliyemaliza msimu ule akiwa mfungaji bora wa ligi, akauweka mpira kwenye nukta. Langoni alisimama mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa kipenzi cha mashabiki haohao waliojaa jukwaani. Juma Kaseja akaipangua.

Kagera Sugar wakaondoka na ushindi wa 1-0, na rekodi ya Simba ya kutopoteza mchezo ikafia siku ya sherehe. Rais alitoa kombe, lakini katika hotuba yake hakuficha kwamba kiwango alichokiona hakikumridhisha.

Miaka saba baadaye, mwishoni mwa msimu wa 2024/25, Kaseja alikuwa tena na Kagera Sugar. Safari hii hakuvaa glovu. Alisimama kando ya uwanja akiwa kocha, amekabidhiwa timu iliyokuwa imeshapita mikononi mwa Mganda Paul Nkata na Mmarekani Melis Medo ndani ya msimu mmoja. Msimu ulipokwisha, Kagera Sugar na KenGold zikashuka daraja. Timu iliyokuwa imekaa Ligi Kuu kwa karibu miongo miwili ikaenda kuanza upya kwenye Ligi ya Championship.

Ni mtu yuleyule, timu ileile, na mapenzi ya watu wa Kagera ni yaleyale. Kilichobadilika ni kazi. Kwa wilaya za mkoa huo kama Ngara na Biharamulo, ambako kila kijiji kina timu na kila timu ina mtu anayeitwa kocha kwa sababu tu zamani alicheza vizuri, safari ya Kaseja inastahili kusomwa kwa makini kuliko msimamo wa ligi.

Kijana wa Cairo

Jina la Kaseja lilikaa midomoni mwa Watanzania mwaka 2003. Simba walipangiwa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, katika Ligi ya Mabingwa. Dar es Salaam, Emmanuel Gabriel alifunga bao pekee. Kule Cairo Zamalek wakalirudisha, mechi ikaenda kwenye matuta. Simba walishinda penalti 3-2, Christopher Alex akipiga ile ya mwisho, na kijana aliyetokea Moro United akarudi nyumbani akiwa shujaa wa taifa. Simba wakaingia hatua ya makundi.

Jambo moja husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa. Kocha wa Simba wakati huo, Mkenya James Siang'a, naye alikuwa kipa. Alilinda lango la Gor Mahia na la timu ya taifa ya Kenya kabla ya kuingia kwenye ukocha. Kaseja alikua mikononi mwa mtu aliyeijua kazi ya langoni kwa ndani, mtu ambaye angeweza kumwambia kwa nini alifungwa, si kumlaumu tu kwamba amefungwa. Wachezaji wengi wa Tanzania hawapati bahati hiyo hadi wanatundika daluga.

Baada ya hapo maisha ya Kaseja yakawa ya kupanda na kushuka. Alihamia Yanga mwaka 2008, akarudi Simba mwaka uliofuata. Kwenye Taifa Stars, Mbrazili Marcio Maximo alimweka kando kwa muda mrefu, na mjadala wa "kwa nini si Kaseja" ukawa wa kila kijiwe. Alipokuja Mdenmark Jan Poulsen, Kaseja akarudi langoni. Desemba 2010, Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, wakatwaa Kombe la Chalenji la Cecafa hapo Dar es Salaam. Uganda waling'olewa nusu fainali kwa penalti, na Ivory Coast, walioalikwa, wakafungwa 1-0 fainali kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa.

Mwaka 2013 Simba wakamwacha. Yanga wakamchukua kwa mara ya pili, na Desemba mwaka huohuo akawa langoni Yanga ilipofungwa 3-1 na Simba kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe. Lawama zote zikamshukia yeye. Wengi waliamini huo ndio mwisho wake. Akaenda Mbeya City, na dirisha dogo la msimu wa 2016/17 lilipofunguliwa, akapanda kwenda Bukoba kujiunga na Kagera Sugar.

Kaitaba chini ya Mexime

Kagera Sugar aliyoikuta Kaseja ilikuwa chini ya Mecky Mexime. Huyu naye ni mchezaji aliyegeuka kocha: beki wa Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, nahodha wa Taifa Stars, kisha kocha wa Mtibwa hiyohiyo kabla ya kuhamia Kagera mwaka 2016. Mwaka huo mkoa ulikuwa na majonzi. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vitongoji vyake. Ndani ya hali hiyo Mexime akaijenga timu iliyomaliza ligi ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba waliolingana kwa pointi 68, Yanga wakichukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mexime akapewa tuzo ya Kocha Bora wa msimu, na kijana wake Mbaraka Yusuph akatajwa kuwa mchezaji bora chipukizi.

Aprili 2, 2017 timu hiyo iliifunga Simba 2-1 nyumbani kwake, Uwanja wa Kaitaba. Mechi ile iliendelea mezani kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kadi za njano za beki Mohammed Fakhi. Simba wakapewa pointi tatu, kisha uamuzi huo ukabatilishwa. Mpenzi wa soka wa Biharamulo aliyekuwa akifuatilia kwenye redio alijikuta anajifunza kanuni za ligi pamoja na matokeo.

Mexime hakuwa na fedha za Simba wala Azam. Alichokuwa nacho ni mpangilio: ulinzi usiotoa nafasi katikati, viungo wanaojua lini watulie na lini wakimbie, na kipa mzoefu anayeipanga safu yake ya nyuma kwa sauti. Msimu wa 2018/19, Kaseja akiwa ameshaondoka kwenda KMC, Kagera Sugar iliifunga Simba nyumbani na ugenini. Msimu huohuo ikalazimika kucheza mchujo na Pamba ili ibaki Ligi Kuu. Kocha aliyekuwa bora miaka miwili tu nyuma alikuwa anapigania roho ya timu kwenye mchujo. Ukocha ndivyo ulivyo. Mchezaji akifanya vizuri Jumamosi huenda akakumbukwa miaka mitano, kocha hukumbukwa hadi Jumamosi inayofuata.

Mexime hakuwa wa kwanza wa aina yake kukaa benchi la Kagera Sugar. Kabla yake alipita Abdallah Kibadeni, King Mputa, aliyefunga mabao matatu Julai 19, 1977 Simba ilipoichapa Yanga 6-0, na ambaye mwaka 1993 akiwa kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Alipita pia Mganda Jackson Mayanja, kiungo wa zamani wa Uganda Cranes. Kwa hiyo Kaseja alipokaa kwenye kiti kile mwaka 2025, alirithi kiti chenye historia ya wachezaji waliojifunza kazi ya pili.

Mrundi wa Taifa Stars

Sura nyingine ya Kaseja inawagusa watu wa Ngara kwa karibu zaidi. KMC aliyoenda kuichezea ilifundishwa na Etienne Ndayiragije, Mrundi. Watanzania walimjua tangu alipokuwa Mbao FC ya Mwanza, timu ya vijana wasio na majina aliyoifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2017 mjini Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Akiwa KMC aliimaliza ligi ya 2018/19 nafasi ya nne na kuipa timu ya Kinondoni tiketi ya kimataifa. Akaenda Azam, na baada ya Mnigeria Emmanuel Amunike kuondolewa kufuatia Afcon ya Misri mwaka 2019, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) likamkabidhi Taifa Stars.

Mojawapo ya mambo ya kwanza aliyofanya ni kumrudisha Kaseja, akiwa na miaka 34. Waliouliza walijibiwa uwanjani. Agosti 2019, Nairobi, Stars iliitoa Kenya kwenye mbio za CHAN kwa penalti 4-1 baada ya sare mbili bila mabao. Mwezi uliofuata ratiba ya mchujo wa Kombe la Dunia la 2022 ikaleta mtihani mkubwa zaidi: Tanzania dhidi ya Burundi, huku kocha wa Tanzania akiwa Mrundi.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa mechi ya majirani. Kwa mtu wa Ngara ilikuwa mechi ya ndugu. Mpaka wa Kabanga na Kobero hupitwa kila siku na wafanyabiashara wa ndizi, maharage na samaki. Wahangaza na Warundi wanaelewana bila mkalimani. Kuna familia zenye watu pande zote mbili, na kuna wazee wanaokumbuka kambi ya Lukole iliyohifadhi wakimbizi wa Burundi kwa miaka, kama wanavyokumbuka Benaco ya 1994, Wanyarwanda karibu robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja na usiku wake. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi hao, na hadi leo masafa yake hayaulizi pasipoti.

Bujumbura timu zilitoka 1-1, Cedric Amissi akitangulia na Simon Msuva akisawazisha. Septemba 8, Dar es Salaam, zikatoka 1-1 tena, Mbwana Samatta akifunga na Abdul Razak Fiston akirudisha. Zikaingia matuta. Erasto Nyoni, Himid Mao na Gadiel Michael wakaziweka zote tatu nyavuni. Burundi hawakupata hata moja. Kaseja akabebwa juu juu, na Ndayiragije akaisukuma nchi yake nje ya Kombe la Dunia kwa mikono ya kipa ambaye wengi walimhesabu amekwisha.

Oktoba mwaka huohuo Stars ilikwenda Omdurman ikiwa nyuma kwa bao moja, ikaifunga Sudan 2-1 kwa mabao ya Nyoni na Ditram Nchimbi, na kufuzu CHAN kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2009.

Angalia tofauti ya watu hawa wawili. Huku kwetu hakuna aliyemjua Ndayiragije kwa uchezaji. Alijulikana kwa kazi. Baada ya Stars alipita Geita Gold, jirani kabisa na Biharamulo, akaifundisha timu ya taifa ya Burundi, na mwaka 2025 akaipa Polisi ya Kenya ubingwa wa kwanza wa ligi katika historia yake. Kaseja alijulikana na kila mtoto. Lakini kwenye benchi wote wawili huanzia sifuri, na aliyejiandaa zaidi ndiye huvuna kwanza.

Kazi ya pili

Agosti 2022, TFF ilipomwondoa kocha Kim Poulsen, ilimpa Taifa Stars Mzambia Honour Janza. Wasaidizi waliotajwa walikuwa Mecky Mexime na, kwa upande wa makipa, Juma Kaseja. Wanaume wawili wa Kaitaba wakakutana tena, mmoja akiwa kocha mzoefu, mwingine akianza darasa la kwanza la ukocha.

Kuanzia kwa makipa ilikuwa njia sahihi. Kocha wa makipa hufanya kazi na watu watatu au wanne, si 25. Hujifunza kupanga zoezi, kupima maendeleo na kuongea na mchezaji aliyevunjika moyo, wakati macho ya nchi yako kwa mtu mwingine. Kocha mkuu ni jambo jingine. Jumatatu anaangalia majeruhi, Jumanne anapanga mazoezi, Alhamisi anachagua nani akae benchi na namna ya kumwambia, Jumamosi ana dakika chache za kuamua amtoe nani, na Jumapili anaamkia kwa viongozi wanaotaka maelezo. Kipa huokoa bao kwa mkono wake. Kocha hana mkono uwanjani. Anategemea kile alichofundisha katikati ya wiki.

Kaseja alikabidhiwa Kagera Sugar muda wa kufundisha ukiwa umeshakwisha. Timu iliyobadilisha makocha mara mbili ndani ya msimu haina kumbukumbu moja, kila mmoja ameacha mazoezi yake, lugha yake na wachezaji wake. Mechi chache za mwisho haziwezi kujenga kile ambacho miezi minane haikujenga. Kumlaumu Kaseja kwa kushuka daraja ni kumwonea. Ila ingekuwa kosa vilevile kudhani jina lake peke yake lingeibakisha timu.

Hili si la Tanzania tu. Ukraine, nchi iliyozoea kuzaa makocha kutokana na wachezaji wake, ina mifano ya pande zote. Valeriy Lobanovskyi alikuwa winga wa Dynamo Kyiv aliyesifika kwa kona zilizopinda kuelekea golini. Alipoacha kucheza hakurukia timu kubwa. Alianza na Dnipro mwaka 1969, akajifunza kazi huko, ndipo akarudi Kyiv na kuipa Dynamo Kombe la Washindi Ulaya mwaka 1975 na tena 1986, akishirikiana na mwanasayansi Anatoliy Zelentsov kupima mwendo na nguvu za wachezaji kwa takwimu, wakati ambapo wengi bado walikuwa wanapanga timu kwa hisia. Mwanafunzi wake Andriy Shevchenko, Mchezaji Bora wa Ulaya mwaka 2004, alianza kama msaidizi wa timu ya taifa mapema mwaka 2016, akapewa timu katikati ya mwaka huo, na mwaka 2021 akaifikisha robo fainali ya Euro. Miezi michache baadaye akaenda Genoa ya Italia. Akafukuzwa Januari 2022 bila kushinda mchezo hata mmoja wa ligi. Kocha aliyefika robo fainali ya Ulaya alishindwa kuokoa timu iliyokuwa imeanza kuzama kabla yake. Nje ya Ukraine, kipa wa Italia Dino Zoff, aliyenyanyua Kombe la Dunia akiwa na miaka 40 mwaka 1982, naye aliipa Juventus Kombe la UEFA mwaka 1990 na kuifikisha Italia fainali ya Euro 2000, lakini alipita miaka ya kujifunza kabla ya hapo.

Kwa hiyo kushuka daraja na Kagera Sugar hakumalizi hadithi ya Kaseja. Kunaweza kuwa ndiko kunakoianza, ikiwa mwenyewe atakuwa tayari kupitia viwanja vya Championship, safari ndefu za basi na viwanja visivyo na kamera.

Kutoka Nyakanazi hadi Rulenge

Sasa turudi Ngara na Biharamulo. Ukitoka Bukoba kwenda Ngara kwa barabara unapita Muleba, unakata Biharamulo, unafika Lusahunga ambako malori ya Rwanda na Burundi hupumzika, kisha unageukia magharibi kuelekea Benaco na Rusumo. Ukishuka kusini kutoka Lusahunga unafika Nyakanazi, njia panda ya Kigoma na Kahama. Njiani kote, ikifika saa kumi jioni, viwanja vimejaa. Milingoti ya goli ni mikaratusi, nyavu ni hadithi, mstari wa kati umechorwa kwa majivu. Kombe la mbuzi linachezwa, jezi zimetolewa na diwani au mfanyabiashara wa mazao, bodaboda zimezunguka uwanja.

Vipaji vipo. Hakuna anayebisha. Swali ni nani anayevifundisha, na anafundisha nini. Katika timu nyingi za kijijini kipa ni yule aliyekosa nafasi ndani, au mwenye mpira wake. Anapigiwa mashuti kumi kabla ya mechi, basi. Akifungwa anatukanwa, akiokoa anasifiwa, lakini hakuna anayemwambia kwa nini.

Hapa ndipo elimu ndogo inapotengeneza tofauti kubwa. Lipo zoezi la makipa linalofundishwa dunia nzima na halihitaji fedha. Chukua kamba ndefu ya katani. Funga ncha moja kwenye mlingoti wa kushoto, nyingine wa kulia, kisha vuta katikati ya kamba hadi pale mpira ulipo. Kamba inatengeneza pembetatu. Kipa anasimama katikati ya pembetatu hiyo. Akirudi nyuma karibu na mstari wa goli, anaona nafasi kubwa kushoto na kulia. Akisogea mbele hatua tatu, nne, kamba zinambana kwapani, na nafasi ya mpigaji inapungua mbele ya macho yake. Sogeza mpira pembeni, pembetatu inabadilika, naye anahama. Kwa dakika ishirini kijana ambaye amekuwa akidhani ukipa ni kuruka anaanza kuelewa kuwa kuruka ni hatua ya mwisho, baada ya kusimama mahali sahihi. Vivyo hivyo kwenye penalti: kipa anayejitupa mapema amemsaidia mpigaji, anayesubiri hadi mguu wa kusimamia utue ana nafasi ya kusoma mpira unakokwenda.

Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi anayejua mambo kama hayo matano tu anaweza kubadilisha makipa wa kata nzima, na kijana wa UMITASHUMTA ya shule za msingi akafika UMISSETA ya sekondari akiwa na msingi.

Njia ya kuyapata ni kozi. CAF ina ngazi za leseni: D, C, B, A na Pro, na mlango wa kuingilia ni D. Leseni si karatasi ya mapambo. Septemba 2021 Simba, moja ya klabu tajiri nchini, ilijikuta kocha wake Mfaransa Didier Gomes hana leseni inayokubalika na CAF kukaa benchi kwenye Ligi ya Mabingwa, ikabidi imlete Mnyarwanda Thierry Hitimana. Kama Simba ilikwama kwa karatasi, timu ya wilaya inayoota kupanda kutoka Ligi ya Mkoa ijipange mapema.

Gharama ndiyo kisingizio cha kila mkutano. Lakini fedha za mpira huku zipo, zinapita tu njia nyingine. Kila msimu wa makombe, wadau wananunua mbuzi, ng'ombe, jezi seti mbili, mipira, wanalipa muziki na posho za wageni wa meza kuu. Ng'ombe huliwa usiku mmoja. Mwalimu aliyesoma kozi hubaki na kijiji miaka kumi. Hakuna anayesema mashindano yafutwe, maana bila mashindano hakuna mpira. Kinachotakiwa ni kipengele kimoja kwenye kila fomu ya udhamini: sehemu ya fedha hiyo iende kumsomesha kocha mmoja wa kata.

Wachezaji wa zamani nao wana lao. Ngara na Biharamulo zina wanaume na wanawake waliocheza ligi za mkoa, wengine waliopita timu za Mwanza, Bukoba na Bujumbura, ambao leo wako dukani, shambani, kwenye bodaboda. Kila Jumapili wanakaa kando ya uwanja wakisema vijana wa siku hizi hawajui mpira. Wana haki ya kusema, lakini maarifa yanayobaki mdomoni hayamfaidii mtoto wa darasa la sita. Kaseja, ambaye jina lake pekee lingemtosha kula hadi uzeeni, alikubali kuanza upya akiwa kocha wa makipa, kisha akakubali timu inayozama. Wengine wenye majina madogo hawana sababu ya kuona aibu kukaa darasani.

Chama cha soka cha mkoa, halmashauri za Ngara na Biharamulo, na wadhamini wa makombe ya kijijini wakae meza moja kabla ya msimu ujao, wapange kozi ya leseni ya D ifanyike hukuhuku, katikati ya wilaya hizi mbili, na nafasi za kwanza ziende kwa walimu wa michezo na wachezaji waliostaafu. Anayetaka kuombwa ushauri aende akasome. Anayetaka kudhamini aulize kwanza: kocha wa timu hii ana leseni gani?